Tristan da Cunha: umbo la mlima ndilo lililokitenga kisiwa, si umbali peke yake

Mleta uzi, Kigoma mjini

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini Tristan da Cunha huitwa makazi ya watu yaliyo mbali kuliko yote duniani. Nikamsomea umbali: takriban kilomita 2,400 hadi Saint Helena, ambako ndiko kwenye majirani wa karibu, na takriban kilomita 2,800 hadi Cape Town, yaani zaidi ya mara mbili ya reli yetu kutoka hapa Kigoma hadi Dar es Salaam. Akaandika, akashukuru, akaketi. Jioni yake nilipita Katonga wavuvi wakivuta mitumbwi yao mchangani, nikatambua kwamba nilikuwa nimempa nusu ya jibu, tena nusu iliyo nyepesi. Naandika uzi huu ili niitafute nusu ya pili pamoja nanyi.

Tuanze na mahali penyewe. Visiwa hivi vipo kusini mwa bahari ya Atlantiki, kwenye latitudo ya nyuzi 37 kusini na longitudo ya nyuzi 12 magharibi, na vinatawaliwa na Uingereza. Kikubwa ni Tristan chenyewe, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 98, na ndicho pekee chenye wakazi wa kudumu, ambao hawafiki 300. Kusini-magharibi mwake, kwa umbali usiofika kilomita 50, vipo Inaccessible na Nightingale. Gough kipo peke yake, takriban kilomita 400 kusini zaidi. Vyote vilizaliwa na volkano.

Sasa umbo. Tristan ni mlima mmoja, karibu duara kamili, wenye kipenyo cha kilomita 12 hivi. Kutoka baharini unakutana na magenge yanayosimama wima, mengi yakiwa na urefu wa mita 600 na zaidi, na juu ya magenge hayo kuna mteremko mpana ambao wenyeji huuita Base, uliokatwakatwa na makorongo, unaopanda hadi kilele cha Queen Mary's Peak chenye mita 2,062. Kileleni kuna kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, yenye ziwa dogo. Na mlima hauanzii pale maji yanapoanzia, kwa sababu sakafu ya bahari iko zaidi ya mita 3,000 chini, kiasi kwamba ukiyaondoa maji utabaki na mlima unaokaribia kimo cha Kilimanjaro, na sehemu inayoonekana ni theluthi ya juu tu.

Mlima wa namna hiyo hauna ghuba. Lava iliyotiririka pande zote iliacha ukingo wa mviringo, kisha mawimbi yakautafuna ukingo huo kuwa magenge. Ardhi tambarare iliyobaki ni vipande vichache vyembamba, na kipana kuliko vyote kipo upande wa kaskazini-magharibi, ndipo kilipo kijiji kiitwacho Edinburgh of the Seven Seas. Kilomita tatu hivi kutoka kijijini yapo mashamba ya viazi mviringo, yaliyozungushiwa kuta za mawe ya volkano ili upepo usiyamalize.

Niseme kwa nini umbo hili linanigusa. Mwaka nilioajiriwa nilipangiwa kijiji cha kusini mwa mkoa wetu, upande ule wa pili wa milima ya Mahale. Nilisafiri kwa MV Liemba. Usiku wa manane meli ilipunguza mwendo, ikapiga honi, ikasimama katikati ya giza. Hapakuwa na gati wala taa ya bandari. Ndipo nikaona vitaa vidogo vikitujia juu ya maji, mitumbwi na maboti, na abiria wakaanza kushuka kwa kupitia ubavuni mwa meli, mama mmoja akimteremsha mtoto mikononi mwa mtu asiyemjua, magunia yakifuata nyuma yake. Mlima Nkungwe una mita 2,462, na uso wa ziwa uko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo pale Mahale ardhi inapanda takriban mita 1,700 kutoka majini karibu mara moja. Ukanda wa pwani ni mwembamba na barabara haikupata pa kupita. Kile kijiji changu hakikuwa mbali na Kigoma kwa kilomita. Kilikuwa mbali kwa umbo.

Mleta uzi, naendelea

Kabla sijapokea michango, nieleze visiwa hivi vilitoka wapi, kwa kuwa hapa ndipo penye jambo ambalo sisi wa Bara la Afrika tunapaswa kulijua vizuri zaidi.

Katikati ya Atlantiki, kutoka kaskazini hadi kusini, upo mgongo mrefu wa milima chini ya maji, ambako bamba la Afrika na bamba la Amerika Kusini, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia vinavyosogea, yanaachana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda kuziba nafasi. Tristan hakiko juu ya mgongo huo. Kipo mashariki mwake kwa kilomita mia kadhaa, upande wetu, juu ya bamba la Afrika. Chini ya bamba, wanajiolojia wanaeleza, kuna mahali ambapo joto linapanda kutoka kina kirefu cha dunia na kuyeyusha mwamba, na mahali hapo hapaendi na mwendo wa bamba. Bamba linasogea polepole kuelekea kaskazini-mashariki, na kila volkano iliyotoka hapo huchukuliwa na bamba ikaenda nalo, ikazimika, ikapoa na kuzama, na nyingine ikaota nyuma yake.

Msururu wa volkano hizo zilizokufa upo mpaka leo. Unaitwa Walvis Ridge, mgongo wa takriban kilomita 3,000 chini ya bahari, unaoanzia maeneo ya Tristan na Gough na kufika pwani ya Namibia. Ukifika Namibia unazikuta nyanda za lava za Etendeka, ambazo zilimwagika takriban miaka milioni 132 iliyopita, wakati Afrika na Amerika Kusini zilipokuwa zinaanza kuachana. Ndugu zake wapo ng'ambo, Brazil, katika bonde la Paraná, na lava ya huku na ya kule ni ya tukio moja.

Basi mtu akisimama hapa mjini Kigoma siku ambayo hewa imetakata na kuitazama milima ya Kongo upande wa pili wa ziwa, milima ile imekaa juu ya bamba lilelile linalokibeba Tristan da Cunha. Sisi wa ukingo huu wa mashariki tumekaa juu ya kipande ambacho Bonde la Ufa linakitenga na bamba hilo kwa milimita chache kila mwaka. Kijiolojia, milima ya Kongo ina undugu wa karibu zaidi na kisiwa kile kuliko ilivyo nasi tunaoiona kila jioni. Nimefundisha mabamba kwa miaka mingi, na bado jambo hili hunisimamisha.

Mchangiaji, Kasulu

Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza. Vitabu vingi vinasema Hawaii ndivyo visiwa vilivyojitenga kuliko vyote, navyo pia ni msururu wa volkano uliotengenezwa kwa njia hiyohiyo uliyoieleza. Kwa nini basi sifa hiyo iende Tristan? Na je, hakuna kisiwa kingine kilicho mbali zaidi?

Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako linanyoosha hoja. Kuna kisiwa cha Bouvet, nacho ni cha volkano, kipo kusini zaidi katika bahari hiyohiyo, kimefunikwa na barafu, na hutajwa kuwa kisiwa kilichojitenga kuliko vyote duniani. Ila hakina mkazi. Tristan inabeba sifa ya makazi ya watu.

Hawaii ni kweli ipo mbali sana na mabara, karibu kilomita 3,900 kutoka California, na hiyo inazidi umbali wa Tristan na Cape Town. Ukifuata kilomita tupu za hadi bara, Hawaii ingeshinda. Lakini Hawaii ina watu zaidi ya milioni moja, na kisiwa cha Oahu kina Pearl Harbor, bandari ya asili iliyoingia ndani ya nchi, pamoja na nyanda ambazo ndege kubwa hutua. Saint Helena nayo ilikuwa ya meli pekee hadi mwaka 2017 ndege za abiria zilipoanza safari za ratiba, baada ya kujengwa uwanja kwa gharama na shida kubwa, ikibidi kujaza bonde zima. Tristan haina uwanja wa ndege. Mtu hupanda meli Cape Town, akasafiri takriban wiki moja, na akifika huenda akaitazama nyumba anayokwenda kulala kwa siku kadhaa bila kushuka, kwa sababu bahari imekataa.

Mchangiaji, Kibirizi

Mimi ni mtu wa maboti, napeleka mizigo kando ya ziwa. Hayo ya bahari kukataa nayaelewa bila kufafanuliwa. Kusi likivuma kuanzia mwezi wa tano, zipo fukwe ambazo huwezi kusogea hata kama unaona watu wamesimama wanakungoja na wewe una unga wao. Ufuko ukiwa wazi upande wa upepo, utageuza boti. Naomba mwalimu atuambie upepo wa kule unatoka wapi, mzigo unashushwaje, na wenyeji walitumia nini kabla ya kuwa na gati.

Mleta uzi

Nashukuru sana kwa mchango huu, maana unatoka kwa mtu anayeijua kazi.

Upepo wa kule ni wa magharibi, unavuma karibu mwaka mzima, na kusini kidogo tu ya Tristan unaanza ule ukanda wa latitudo za nyuzi 40 ambao mabaharia wa matanga waliuogopa kwa dhoruba zake. Hakuna nchi kavu ya kuyavunja mawimbi kutoka Amerika Kusini hadi hapo. Mvua kijijini huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, wakati sisi hapa Kigoma tunapata kama 1,000, na haingoji masika. Hunyesha katika miezi yote. Kitu pekee kinachopunguza nguvu ya bahari ni mwani mrefu sana unaoota kuzunguka visiwa, ambao hulala juu ya maji kama mkeka na kuyatuliza mawimbi madogo kabla hayajafika ufukweni.

Zamani walitumia maboti mepesi waliyoyaunda wenyewe kwa fremu za mbao zilizovikwa turubai na kupakwa rangi, ambayo watu waliweza kuyanyanyua na kuyapandisha ufukweni haraka kabla wimbi jingine halijaja. Huo ndio uhandisi wa mahali pasipo na bandari: chombo lazima kiwe chepesi kiasi cha kunyanyulika, kwa sababu hakuna pa kukiacha majini. Siku hizi meli hutia nanga nje, mizigo ikashushwa kwenye maboti na matishari, yakaingia katika bandari ndogo yenye kingo mbili za zege. Siku ambayo bahari inaruhusu kuvua, hugongwa kengele kijijini asubuhi, na watu huacha kazi nyingine wakaenda kutafuta kamba-koche, ambao ndio wanaoliingizia kisiwa fedha kuliko kitu kingine.

Bandari hiyo ina historia inayoifikisha hoja yangu mwisho wake. Agosti 1961 ardhi ilianza kutetemeka na mawe yakawa yanaanguka kutoka kwenye magenge nyuma ya kijiji. Mwanzoni mwa Oktoba udongo ulipasuka na kuinuka kando ya nyumba, upande wa mashariki, kisha lava ikatokeza. Tarehe 10 Oktoba wakazi 264 waliondolewa. Walikwenda kwanza Nightingale kwa vyombo vya uvuvi, wakalala huko, halafu meli ya Kiholanzi iitwayo Tjisadane ikawapeleka Cape Town, na kutoka hapo wakasafirishwa hadi Uingereza. Nyumba karibu zote zilisalimika. Lava ilikifunika kiwanda cha kusindika kamba-koche na fukwe zile ambazo kwa vizazi vyote zilikuwa mahali pa kupandishia maboti.

Naomba tukae hapa kidogo. Kisiwa chenye mzingo wa kilomita zaidi ya 30 kilikuwa na mlango mmoja wa kutegemewa, na volkano ilitokea jirani na mlango huo ikaufunga. Desemba 1962, wakiwa Uingereza, walipiga kura: 148 walitaka kurudi na 5 walikataa. Kundi kubwa lilifika nyumbani Novemba 1963. Bandari ndogo ya zege ilikamilika mwaka 1967 na wakaiita Calshot, jina la kambi waliyoishi Uingereza. Hata hivyo siku ambazo meli inaweza kushusha bila taabu bado ni chache kwa mwaka.

Wazee wa Ujiji wanajua jinsi umbo la ufuko linavyoweza kuamua hatima ya mji. Ujiji ulikuwa mji mkubwa, soko lenye jina, mwisho wa njia ya misafara, na Kigoma ilikuwa ndogo. Reli ilipofika mwaka 1914 haikuishia Ujiji. Ilikuja hapa, kwa sababu hapa pana ghuba yenye kina iliyokingwa na vilima, na ufuko wa Ujiji upo wazi na maji yake ni mafupi. Umbali kati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Mchangiaji, Tabora mjini

Nawasalimu kutoka Unyanyembe. Naongeza upande wa historia kwa ufupi. Jina la visiwa ni la Tristão da Cunha, nahodha Mreno aliyeviona mwaka 1506 akiwa njiani kuja bahari ya Hindi, na hakuweza kushuka kwa sababu ya bahari chafu. Mtu huyohuyo ndiye aliyefika pwani ya Waswahili na kundi lake la meli, akaushambulia mji wa Hoja, Lamu ikakubali kulipa kodi, na mwaka 1507 Barawa, mji wa pwani ya Somalia ya leo, ikatekwa na kuchomwa moto. Naona ni vyema wanaosoma jina hilo katika ramani wakajua kwamba wahenga wetu wa pwani walilijua kwa moto, na kwamba kisiwa kilichoshindwa kumpokea kilipona.

Swali langu: kama volkano inaweza kutokea kando ya nyumba za watu bila dalili ya muda mrefu, sisi tulio karibu na Ziwa Tanganyika tuna hofu gani?

Mleta uzi

Ahsante sana, mzee wangu. Sikuwa nimeliunganisha jina hilo na Barawa, na nitalifundisha hivyo kuanzia sasa. Nyongeza moja: Waingereza waliweka kikosi pale mwaka 1816, wakati Napoleon amefungwa Saint Helena, na kikosi kilipoondolewa mwaka 1817 koplo mmoja, William Glass, aliomba kubaki na familia yake. Kijiji kilianzia hapo.

Kuhusu hofu: Bonde la Ufa la magharibi lina volkano, lakini zipo kwenye vipande maalumu, kama Virunga kaskazini mwa Ziwa Kivu na Rungwe kule Mbeya. Kati yao, katika urefu wote wa Ziwa Tanganyika, ardhi imepasuka na kuzama badala ya kutoa milima ya moto, ndiyo maana tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470. Linalotuhusu ni tetemeko. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea la ukubwa wa 6.8 upande wa Kongo, na wengi tunaosoma hapa tunalikumbuka.

Mchangiaji, Kasulu

Mwalimu, bado hujatueleza vile visiwa vingine vitatu. Jina la Inaccessible peke yake linatosha kunifanya niulize.

Mleta uzi

Kweli nimevipita. Tristan ndicho kijana, umri wake haufiki miaka milioni moja, na ndiyo maana bado ni koni nzuri. Inaccessible ni cha zamani zaidi, bahari imekwisha kula sehemu kubwa yake, na kilichobaki ni uwanda wa juu uliozungukwa na magenge pande zote. Mwaka 1871, mwaka ambao Stanley alimkuta Livingstone hapo Ujiji, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Stoltenhoff walishuka pale wakitumaini kuwinda sili na kufanya biashara. Walikwama. Walipokuwa chini ufukweni, chakula kilikuwa juu, na njia ya kupandia ilikuwa ukuta wa majani. Meli ya utafiti HMS Challenger iliwachukua mwaka 1873. Uwanda huo wa juu una ndege mdogo kuliko ndege wote wasioruka walio hai duniani, na hapatikani mahali pengine popote. Mwenye kujua jinsi Ziwa Tanganyika lilivyozaa aina za samaki zisizoonekana ziwa jingine lolote ataelewa mara moja kilichotokea.

Nightingale ndicho kikongwe na kifupi zaidi, lakini hakijanyamaza: Julai 2004 bahari jirani yake ilitetemeka, na baadaye yakaonekana mawe mepesi yenye matundu yakielea, ishara kwamba kulikuwa na mlipuko chini ya maji. Hapo ndipo Machi 2011 meli ya mizigo MS Oliva, iliyobeba soya kutoka Brazil kwenda Singapore, ilipogonga miamba na kukatika, mafuta yakawapaka maelfu ya pengwini. Wanakijiji waliwakusanya waliowaweza, wakawavusha hadi Tristan na kuwaosha mmoja mmoja, baadhi wakiwekwa katika bwawa la kuogelea la kijiji lililotolewa maji yake. Wengi walikufa.

Gough hakina wakazi ila watu wa kituo cha hali ya hewa cha Afrika Kusini, kilichopo tangu mwaka 1956. Huko albatrosi wa Tristan, ndege mkubwa wa baharini, hutaga yai moja tu, na makinda yake huliwa hai usiku na panya waliofika kwa meli za wawindaji wa sili katika karne ya 19. Mwaka 2021 ilifanyika kazi kubwa ya kuwaangamiza panya hao kwa sumu iliyomwagwa kwa helikopta juu ya kisiwa kizima, na kabla mwaka haujaisha panya hai alionekana. Umbo lile lililowazuia watu kwa miaka mingi halikuwazuia panya, kwa kuwa panya hahitaji bandari.

Kesho nitamwita yule mwanafunzi, nimpe ramani ya kontua, yaani yenye mistari inayoonyesha miinuko, ya Tristan na ya Ghuba ya Kigoma kwa skeli moja, na nimwombe anionyeshe kwa kidole ni wapi angeshusha gunia la unga.